Maunteni ya gia 21: nibaki na sahani tatu za mbele au nifunge moja tu?

#1 Ngedere wa Shangani
Wakuu, habari za jioni.

Nina maunteni ya mtumba, tairi 26, mbele sahani tatu (yale magurudumu ya meno kwenye pedeli), nyuma gia saba. Nimehesabu meno kwa kuweka alama ya chaki: mbele 42, 34 na 24. Nyuma ile ndogo ina 14, kubwa ina 28. Siku za kazi natoka Shangani kwenda Naliendele na kurudi, sahani ndogo haiguswi hata siku moja. Lakini kila baada ya wiki mbili naenda kwa mama Newala. Naipakia kwenye gari inayopita Mtama, nashuka Kitangari, halafu ule mlima napandisha mwenyewe. Begi mgongoni, na kwenye keria kuna unga na dumu la mafuta ya kula.

Sasa shifta ya mbele, ile ya kubadilishia gia kwenye usukani, imekufa. Fundi anasema nisihangaike kununua nyingine, ang'oe sahani mbili ibaki ya kati, eti dunia nzima ndiyo imehamia huko. Anataka elfu kumi na tano. Nimekaa na hili jambo wiki nzima. Mwenye kujua atie neno.

#2 Mabibo Matamu
Nimeweka kambi hapa. Ngoja waje wenye magoti.

#3 SalfaNyeupe
Msikilize fundi wako. Sahani tatu zilishazikwa. Tangu 2016 SRAM, wale watengeneza gia za baiskeli, walipotoa Eagle, mbele moja, nyuma kumi na mbili, nani tena anahangaika na shifta mbili? Upande wa kushoto unabaki na breki tu. Waya mmoja unapungua, direla moja (kile kinachosogeza cheni) inapungua, uzito unapungua. Sahani tatu zipelekwe Berlin zikae na mjusi wetu wa Tendaguru.

#4 Mwana wa Mchinga
Hahaha #3 usimguse mjusi. Mifupa ile ya dinosaria ilichimbwa kuanzia 1909 hadi 1913 na ilibebwa vichwani mpaka bandari ya Lindi. Hapakuwa na sahani tatu wala moja.

#5 Ticha Nyangao
#3 umechanganya kidogo. Sahani moja ya maunteni haikuanza na Eagle. SRAM walitoa XX1 mwaka 2012, nyuma gia 11, meno 10 hadi 42. Eagle ndiyo ya 2016, gia 12, meno 10 hadi 50. Shimano wakaja na XTR ya gia 12 mwaka 2018, meno 10 hadi 51.

Lakini tarehe si shida. Shida ni kwamba wale walipotoa sahani mbili za mbele walirudisha nyuma kitu chenye meno 50, kama sinia la pilau. Fundi wa Ngedere anatoa mbele, nyuma anaacha 28 ile ile. Hapo hajafuata dunia, amekata tu.

Tupige hesabu. Meno ya mbele gawanya kwa ya nyuma, ndiyo mara ambazo tairi linazunguka ukikanyaga duru moja. Tairi la 26 duru moja linakwenda mita 2 na senti 7 hivi.

Gia yake nyepesi ya sasa: 24 kwa 28, yaani 0.857. Duru moja ya pedeli anasogea kama mita 1.8.
Akibaki na 34: 34 kwa 28, yaani 1.21. Duru moja mita 2.5.

Ukikanyaga duru 60 kwa dakika, ambayo kwa mlimani ni mwendo wa kawaida wa mguu, ya kwanza inakupeleka kilomita 6.4 kwa saa, ya pili 9. Kwa hiyo Ngedere jiulize swali moja: ule mlima wa Kitangari, na unga wa mama, unaweza kupanda kwa 9? Kama huwezi, miguu itapunguza duru, 50, 40, mwisho unashuka.

#6 SalfaNyeupe
Ticha umeshinda kwa tarehe. Kwa mengine bado. Gia 21 zenyewe ni uongo wa stika kwenye fremu. Nani amewahi kuzitumia zote 21?

#7 Ticha Nyangao
Hapo sikupingi. Kwa meno aliyotaja, 42 kwa 28 ni 1.5. Na 24 kwa 16 ni 1.5 hiyo hiyo. 34 kwa 16 na 42 kwa 20 hazitofautiani mguu ukajua. Ukizipanga zote unabaki na gia kama 12 zinazojitenga. Ila upana haupungui: ya juu 3.0, ya chini 0.857, ni mara tatu na nusu. Akibaki na 34 peke yake upana unakuwa mara mbili tu. Eagle ni mara tano. Mnaona fundi anampeleka upande gani.

#8 Fundi Gololi
Wajomba, mimi ni fundi, nina miaka mingi na spana. Kwanza kwetu hiyo kitu inaitwa cheniwili, sahani ni za kulia.

Pili, kabla hamjafika kwenye hesabu, Ngedere angalia cheniwili zako zimeshikwa na nini. Hizi za mtumba za bei ya chini nyingi zimepigwa ribiti, hazina bolti. Huzitoi kwa spana, unazikata kwa grenda. Ukishakata hakuna kurudi. Elfu kumi na tano yake huenda ndiyo ya grenda. Zile nzuri zina bolti nne, unafungua, na ukishatoa cheniwili mbili lazima utafute bolti fupi, maana zile ndefu zitakaza zenyewe na cheniwili itabaki inacheza.

Tatu, cheni itadondoka. Nawaambia mapema msije kulia humu.

#9 Mabibo Matamu
Sahani ni za kulia 😂 mjomba umeamka na njaa.

#10 Chumvi ya Mikindani
Namba tatu ya #8 nathibitisha kwa damu. Nilifanya hivyo hivyo mwaka jana, nilibakiza ya kati. Kwenye lami safi kabisa. Siku niliyochukua njia ya mashambani, yenye mizizi ya mikorosho, cheni ilitoka mara nne kabla sijafika kwa shemeji. Mara ya nne iliingia kati ya fremu na krenki ikala rangi na kidole changu. Fundi aliyenifungia nilimrudia, akaniambia cheni ni mbovu ninunue nyingine. Nikanunua. Ikadondoka vilevile.

Mpaka leo sijui kosa lilikuwa wapi. Nisaidieni na mimi, samahani Ngedere kwa kuingilia uzi wako.

#11 Ngedere wa Shangani
Ingia tu kaka, hilo ndilo ninaloliogopa.

Fundi Gololi asante. Nimeangalia kwa tochi: ni ribiti.

#12 Kipanga wa Rondo
#10 kosa lako ni meno. Sahani ya kati kwenye seti ya tatu imetengenezwa ili cheni ITOKE. Ndiyo kazi yake. Itazame vizuri: meno mafupi, mengine yamechongwa upande, na ubavuni kuna vijiti vya kuinua cheni iende sahani kubwa. Umeondoa direla ya mbele iliyokuwa inaichunga, umebaki na sahani inayopenda kuachia. Meno ya zile za sahani moja ni marefu, jino nene na jino jembamba kwa kupokezana, kwa sababu cheni nayo ina tundu pana na tundu jembamba kwa kupokezana. Zinashikana kama vidole.

#13 Fundi Gololi
#12 umesema kweli nusu. Nimefunga watu cheniwili za kati hizo hizo na hazidondoki. Mara nyingi ni springi ya direla ya nyuma imechoka. Ukipita kwenye shimo, mkono wa direla unarushwa mbele, cheni inalegea chini, inacheza kama kamba ya kurukia, inaruka mbele. Ndiyo maana zile za kisasa zina klachi ndani ya direla, mkono haurushwi. #10 shika mkono wa direla yako uvute mbele kisha uachie. Ukirudi taratibu kama mzee anayeinuka mkekani, umepata jibu.

#14 Bi Msimbati
Shikamooni wakubwa. Mimi siyo fundi ila naendesha kila siku kwenye mchanga, naomba niseme.

Kwangu mimi mbele kubadilisha gia ndiko kulikonichosha. Unakuja kwenye lami ngumu, ghafla mchanga wa Msimbati umekupokea, unataka sahani ndogo sasa hivi. Unabonyeza, mguu umekaza, cheni inasaga krr krr haishuki. Mpaka ishuke umeshasimama na tairi limezama. Nyuma ukibonyeza inakubali hata ukiwa umekaza kidogo, mbele haitaki kabisa. Nikaamua kukaa na sahani ya kati tu na sigusi nyingine. Sijang'oa chochote, nimeziacha kama mapambo.

Na cheni haijadondoka hata mara moja. Direla ya mbele ipo pale pale.

#15 Ticha Nyangao
Marahaba bibie. Hapo mwisho umetoa dawa bila kujua! Direla ya mbele hata bila waya inafanya kazi ya ukuta. Ina skrubu mbili za kuweka mpaka. Ukizikaza ikae juu ya sahani ya kati isisogee, cheni haina pa kuangukia. Chumvi, jaribu hilo kabla hujanunua kitu kingine. Ngedere pia: shifta imekufa, haidhuru, tumia skrubu.

Na kuhusu kusaga: sahani ya mbele hubadilishwa kabla ya mlima, siyo ndani ya mlima. Legeza mguu nusu duru, bonyeza, ikikaa ndiyo ukaze.

#16 Bi Msimbati
Kabla ya mlima sawa Ticha, mlima unaonekana. Mchanga hauonekani.

#17 Kipanga wa Rondo
#16 ameua.

#18 SalfaNyeupe
Kwa hiyo Bi Msimbati yuko upande wangu. Mbili kwa moja.

#19 Bi Msimbati
Siko upande wako kaka, Msimbati hakuna mlima. Na mchangani usidanganyike na gia, punguza upepo kwenye tairi kwanza. Mimi nilisumbuka miezi na gia, kumbe tairi lilikuwa gumu kama jiwe.

#20 Mzee wa Feniksi
Nimesoma yote. Mimi nina Phoenix, mbele 44, nyuma 18, hakuna waya wa gia hata mmoja. Nimebeba gunia la korosho kutoka shamba hadi ghalani misimu na misimu. Kwenye mlima nashuka nasukuma. Mlima ukiisha napanda. Nyie mnanunua meno 51 ili mpande mlima kwa mwendo ule ule ninaosukuma mimi.

#21 Mwana wa Mchinga
Mzee shikamoo. Nimecheka hadi chai imepalia.

#22 Ticha Nyangao
Shikamoo mzee. Kwa hesabu hata hujakosea. Mbele 32 kwa nyuma 51, kwa duru 60, ni kama kilomita 5 kwa saa, mtu anayetembea kwa haraka. Tofauti ni nani anayebeba mzigo, mkono au mguu.

#23 Mzee wa Feniksi
Marahaba. Mzigo unabebwa na baiskeli mwalimu, siyo mkono.

#24 Tandahimba Moja
Mbona hakuna anayezungumzia kulika? Sahani moja inakula kazi yote peke yake. Zikiwa tatu zinagawana. Halafu cheni inakaa mshazari muda mwingi: ukiwa gia kubwa ya nyuma inavutwa ndani, ukiwa ndogo inavutwa nje. Rafiki yangu wa Dar ana ya gia 12, cheni yake nyembamba kama uzi, akitaka kaseti mpya anaagiza nje. Huku Tandahimba friwili ya saba, yaani gia za nyuma kama zake Ngedere, ipo hata duka la vyerehani.

#25 Chumvi ya Mikindani
#24 siyo idadi ya sahani inayokula cheni, ni chumvi. Njoo Mikindani, weka cheni mpya baraza ya nje ghuba ikiwa inapuliza, asubuhi ina kutu.

#26 Fundi Gololi
Ni oili chafu ya gari. Watu wanamimina oili ya injini kwenye cheni, mchanga unakaa humo, inakuwa msasa. Oshea mafuta ya taa, futa mpaka ikauke, weka tone moja moja kwenye kila kiungo, futa tena nje. Nje ya cheni pasiwe na oili ya kuonekana.

Kujua imeisha: chukua rula ya inchi. Kutoka katikati ya pini moja hesabu pini 24 mbele, iwe inchi 12 kamili. Ikizidi moja ya kumi na sita ya inchi, toa. Ukingoja zaidi inakula na friwili, halafu ukiweka cheni mpya kwenye friwili ya zamani inaruka.

#27 Mabibo Matamu
Fundi, mafuta ya ganda la korosho je? Yapo bure hapa.

#28 Fundi Gololi
Yale yanababua ngozi, unayajua. Na yakikaa yanaganda kama gundi. Paka wewe kwanza halafu tuletee picha.

#29 Kipanga wa Rondo
Turudi kwa Ngedere. Kuna njia ya kati hamjaisema. Friwili za kufunga kwa nyuzi zipo za saba zenye 14 hadi 34. Ile ya mwisho ni kubwa ghafla, ukiiangalia inajitenga na wenzake. Mbele 34 nyuma 34 ni moja kwa moja, duru moja mita 2.07, mwendo 7.5. Siyo 6.4 lakini siyo 9 tena. Mimi hivyo ndivyo ninavyopanda Rondo.

#30 Ticha Nyangao
Nzuri, ila aangalie mambo mawili. Direla za zamani nyingine mwisho wake ni meno 28, ukiweka 34 inagusana. Na cheni lazima ipimwe upya, ikiwa fupi siku utakapoingiza kubwa itang'oa direla mzima mzima. Akitaka wepesi ule ule alionao leo kwa 34 ya nyuma, mbele anahitaji 29. Halafu kwenye tambarare ya Naliendele atakuwa anakanyaga duru 80 apate kilomita 20 na ushee, wakati leo kwa 42 na 14 ni 30 kasoro kidogo.

#31 Mwana wa Mchinga
Nani anaendesha 30 kwenda Naliendele akiwa na shati la kazini?

#32 Tandahimba Moja
Watu wa Rondo na mlima wenu. Njooni Newala mtazame Shimo la Mungu ndipo mtajua maana ya kuteremka.

#33 Kipanga wa Rondo
Tunazungumzia kupanda binamu, kuteremka hata gunia linateremka.

#34 Fundi Gololi
Ngedere, ushauri wangu wa bure. Usikate kitu. Safari yako ijayo weka sahani (nimesema sahani, msinicheke) ya kati tangu Kitangari na usiguse ndogo mpaka Newala. Kama kawaida, na mzigo wa kawaida. Mlima utakujibu kuliko sisi wote.

#35 SalfaNyeupe
Nakazia. Na ukifika unieleze kwamba nilikuwa sahihi.

#36 Ngedere wa Shangani
Wakuu nimerudi. Samahani kwa kukawia, mama alinizuia siku moja zaidi.

Nilifanya kama fundi alivyosema. Shifta imekufa hivyo niliikaza direla kwa skrubu, asante Ticha, cheni haikutoka hata mara moja. Mwanzo wa mlima nilikuwa sawa kabisa, nikaanza kumwamini Salfa. Kwenye kona ya kwanza kali nikasimama kwenye pedeli. Ya pili nikashuka. Nikapanda tena pale panapolala kidogo, nikaenda, nikashuka tena, safari hii dumu la mafuta likalegea kwenye keria. Nikiwa nafunga mpira akapita mzee na baiskeli ya gia moja, anasukuma, gunia la mihogo. Akanisalimia. Hakusimama.

Kurudi Mtwara siku zote za kazi sikuikumbuka ile 42 hata kidogo.

#37 Mzee wa Feniksi
Siyo mimi, mimi nilikuwa Masasi. Ila nimefurahi.

#38 SalfaNyeupe
Umeshuka mara mbili tu! Na 42 hujaikumbuka. Weka 34 nyuma kama Kipanga, mjadala umekwisha.

#39 Ticha Nyangao
Umeshuka mara mbili. Basi sahani ndogo ndiyo inayokupeleka kwa mama. Nunua shifta.

#40 Bi Msimbati
Au aache 24 na 34, aondoe 42 peke yake? Mbili zinatosha. Hiyo hamkuitaja.

#41 Fundi Gololi
Bibie ribiti zile zinashika zote tatu pamoja. Labda abadilishe krenki yote, atafute ya bolti. Ya mtumba ipo, nimeiona wiki hii, lakini ni ya ekseli ya pembe nne. Ngedere, yako ni pembe nne au ni ile ya kota pini? Piga picha uweke hapa.

#42 Ngedere wa Shangani
Nipo kazini fundi, nikitoka nitapiga. Kota pini ndiyo ipi?

#43 Mabibo Matamu
Mzee wa Feniksi njoo ujibu hili, hili ni la kwako.